Sindano Iliyokaa Kabatini Miaka 22

Patrick Bouvier Kennedy alizaliwa Jumatano ya tarehe 7 Agosti 1963, katika hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa John F. Kennedy, Rais wa Marekani. Mama alipasuliwa kwa dharura, mtoto akatoka wiki tano na nusu kabla ya siku zake, akiwa na kilo 2.1 hivi. Kilo mbili na kitu si mtoto wa kutisha. Wakunga wetu wamekwisha kupokea wadogo kuliko huyo, wakaja kuwaona tena kliniki wakitembea wenyewe na kuvuta kanga za mama zao.

Lakini huyu hazikupita saa nyingi pumzi ikaanza kumsumbua. Akakimbizwa hospitali ya watoto ya Boston, na hali ilipozidi wakamwingiza ndani ya chumba cha chuma chenye hewa iliyogandamizwa, ili oksijeni ilazimike kupenya kwenye damu. Alfajiri ya tarehe 9 alifariki. Aliishi saa 39. Kila uwezo ambao binadamu wa mwaka ule angeweza kuwa nao ulikuwa mlangoni kwake: fedha, ndege, mabingwa, simu ya Ikulu. Alichopungukiwa ni ute mwembamba ambao mapafu ya mtoto aliyetimiza miezi yake hujitengenezea yenyewe, na ambao mwaka 1963 haukuuzwa popote duniani.

Kisa hiki husimuliwa kama msiba wa familia kubwa, na kweli ulikuwa msiba. Mimi nakisimulia kwa ajili ya yaliyofuata. Haikutimia miaka kumi baada ya kifo hicho, dawa ya kuwakinga watoto wa aina yake ilipatikana, ikapimwa, ikaonekana inafaa, tena ni ya bei ya chini, halafu ikaachwa kabatini. Kuuelewa ukubwa wa kosa hilo, inabidi tuanze kifuani.

Pafu halipumui, linapumuliwa. Halina msuli wa kulitanua. Kazi yote hufanywa na diaframu, ule msuli mpana uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, ikisaidiwa na misuli ya katikati ya mbavu. Diaframu ikikaza hushuka na kulisukuma tumbo, mbavu nazo zinainuka na kupanuka. Nafasi ya ndani inaongezeka, mgandamizo unashuka kidogo chini ya ule wa nje, na hewa inajiingilia. Pafu lenyewe halikushonwa kwenye kifua. Limeshikwa kwenye shina lake tu, pale mirija na mishipa inapoingia. Kwingine kote lina ngozi laini inayogusana na ngozi ya ukuta wa kifua, na kati ya hizo mbili mna majimaji ya vijiko vichache vya chai na hamna hewa hata chembe. Kwa hiyo kifua kikitanuka, pafu halina budi kufuata. Mtu akichomwa kisu ubavuni na hewa ikapata njia ya kuingia katikati ya ngozi hizo, pafu huachia na kusinyaa likawa donge kando ya moyo, kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa likivutwa kinyume na hamu yake. Hamu ya pafu, siku zote za uhai wetu, ni kusinyaa.

Nguvu mbili ziko nyuma ya hamu hiyo. Ya kwanza ni nyuzi za pafu zenyewe, ambazo zimeumbwa kunyumbuka na kurudi. Ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo ni maji. Ndani ya mapafu ya mtu mzima mna vifuko vya hewa mamia ya mamilioni, kila kimoja kikiwa na upana wa sehemu tu ya milimita, na kila kimoja kimelowa ndani. Maji hupenda kujikusanya; uso wake hujivuta ili uwe mdogo kadiri inavyowezekana. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa, kuta zake zikiwa zimegandana, ujaribu kuupuliza. Pumzi ya kwanza ndiyo inayotoa jasho. Kuta zikishaachana, zinazofuata ni nyepesi. Kifuko cha hewa kilichojifunga kina tabia hiyohiyo, isipokuwa hapa mifuko haihesabiki na mpulizaji ana kilo mbili.

Kuna jambo baya zaidi. Laplace, mwanahisabati Mfaransa, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba kiputo kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo mgandamizo ndani yake unavyokuwa mkubwa. Viputo viwili vikiunganishwa kwa mrija, kidogo humwaga hewa yake ndani ya kikubwa na kutoweka. Mapafu ni viputo vya ukubwa tofauti vilivyounganishwa kwa mirija. Kwa hesabu hiyo yangepaswa kujibomoa kila tunapotoa pumzi, vidogo vikijimwaga kwenye vikubwa hadi vibaki vichache vilivyovimba bila faida.

Hayajibomoi kwa sababu ya ule ute. Wataalamu huuita surfaktanti. Ni mchanganyiko wa mafuta na protini kidogo, unaotolewa na seli maalumu kwenye kuta za vifuko, ukatanda juu ya maji na kuipunguza nguvu yake ya kujivuta. Kifuko kinaposinyaa, ute hujikusanya mahali padogo na nguvu ya maji inashuka zaidi. Kinapotanuka, ute hutawanyika na nguvu inapanda. Hivyo vidogo hulindwa kuliko vikubwa, na kila mwisho wa pumzi hubaki hewa ndani inayovishikilia wazi. Kwa mtu mzima hewa hiyo ya akiba ni lita mbili na zaidi. Hatuijui, hatuitumii kwa kuamua, na bila hiyo kila pumzi ingekuwa ya kwanza.

Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa majimaji. Seli za ute huanza kazi polepole kuanzia kama wiki ya 24, na kwa kawaida akiba haitoshelezi hadi wiki ya 34 au 35 hivi. Patrick alitoka palepale kizingitini. Anapozaliwa, mtoto analazimika kuyasukuma majimaji hayo kando na kuvifungua vifuko kwa mvuto ambao ni mara nyingi zaidi ya ule wa pumzi ya kawaida. Wengi hufanya hivyo wenyewe na kutangaza kwa kilio. Wachache huhitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo, na wachache zaidi huhitaji kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mpira na kinyago. Hapo mkono mwepesi ni bora kuliko mkono wenye nguvu: kifua kikiinuka kidogo imetosha, na anayebana mfuko kwa hofu anaweza kulitoboa pafu aliloliwania kulifungua. Ile desturi ya kumning'iniza mtoto miguu juu na kumpiga kofi haifungui kifuko hata kimoja. Tanzania ilifundisha wakunga hatua hizi za dakika ya kwanza katika hospitali 8, ikaandika kila mtoto kabla na baada ya mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za mwanzo vimepungua kwa asilimia 47.

Mtoto asiye na ute ni habari nyingine. Yeye pumzi ya kwanza anaiweza, kisha analazimika kuivuta upya kila mara, maana kila akitoa hewa vifuko vinajifunga. Ukimfunua utaiona kazi yenyewe. Tundu za pua zinatanuka. Nyama ya katikati ya mbavu inadidimia kila anapovuta, na kidari kinazama ndani kwa kuwa mifupa yake bado laini. Kifua kinashuka wakati tumbo linapanda. Pumzi zinapita 60 kwa dakika. Na kila anapotoa hewa unasikia mgumio mfupi ambao ndugu waliokuja kumwona hudhani ni kulia. Bibi atasema, "Mjukuu wangu anaona baridi, mfunikeni." Mkunga anayeujua mgumio ule hasubiri blanketi. Ni mtoto anayebana koo lake mwenyewe ili hewa isitoke yote, akijaribu kuvishikilia wazi vifuko ambavyo ute haukuvishikilia. Hakuna aliyemfundisha.

Mwaka 1971, huko San Francisco, George Gregory na wenzake waliuiga mgumio huo kwa vifaa: walimpa mtoto hewa yenye msukumo mdogo usiokatika hata anapotoa pumzi. Kati ya watoto 20 wa kwanza, 16 walipona. Aina inayofaa hospitali zisizo na fedha nyingi ni ya chupa. Hewa yenye oksijeni hupita kwenye mrija hadi puani mwa mtoto, na mrija wa upande wa pili umezamishwa ndani ya chupa ya maji, sentimita tano au sita. Hewa haiwezi kutoka mpaka iyashinde maji hayo, kwa hiyo kifua hakiishiwi. Nesi akitaka kuongeza msukumo huzamisha mrija, akitaka kupunguza huuinua. Mapovu yakinyamaza anajua hewa inavuja mahali, na mahali penyewe mara nyingi ni puani au mdomo uliobaki wazi. Katika hospitali ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, kifaa cha namna hiyo kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Rice kilipowekwa, walionusurika walipanda kutoka 44 hadi 71 kwa kila watoto 100 katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014.

Turudi nyuma. Kwamba adui ni maji lilisemwa mapema mno. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard, daktari aliyekuwa Uswisi, alijaza mapafu ya mnyama kwa kimiminika badala ya hewa, akaona yanatanuka kwa nguvu ndogo zaidi. Uso wa maji na hewa ukiondolewa, upinzani mwingi unaondoka nao. Akashauri watu waitazame pumzi ya kwanza ya mtoto mchanga kwa jicho hilo. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu hakuna aliyetazama. Walioamsha suala hilo walikuwa wanasayansi wa majeshi wakichunguza gesi za sumu: Richard Pattle nchini Uingereza mwaka 1955, aliyeshangaa povu la mapafu halipasuki, na John Clements nchini Marekani mwaka 1957, aliyeipima nguvu yenyewe ya kujivuta. Elimu ya kumwokoa mtoto njiti ilizaliwa kwenye maabara za kutafuta namna ya kuua na kukinga vitani. Sijui kama hilo ni la kuchekesha au la kuliza.

Mary Ellen Avery alikuwa daktari kijana aliyewahi kuugua kifua kikuu, na ugonjwa huo ndio uliomfanya apende habari za mapafu. Wakati huo wataalamu waliopasua maiti za watoto njiti walikuwa wakikodolea macho utando wa waridi uliobandika ndani ya mapafu. Wakaupa ugonjwa jina la utando huo, wakahangaika kutafuta umetoka wapi. Avery akatazama kisichokuwepo. Mapafu ya watoto hao yalikuwa mazito, yenye rangi ya ini, na hayakuwa na povu. Pafu zima ukilibana baada ya kulikata hutoa povu linalokaa. Haya hayakutoa kitu. Alikwenda kwa Clements kujifunza kipimo chake, na mwaka 1959, pamoja na Jere Mead, akachapisha jibu: watoto hawa hawana ute. Utando ulikuwa kovu la vita, wala si adui.

Kwa hiyo sababu ilijulikana miaka minne kabla Patrick hajazaliwa. Kujua sababu na kuwa na dawa ni safari mbili.

Na wakati wa kungoja dawa, watu hawakukaa mikono mitupu. Katika miaka ya 1940 hospitali tajiri zilianza kuwaweka watoto njiti kwenye vyumba vya kioo na kuwajazia oksijeni bila kipimo. Mantiki ilikuwa nyepesi: mtoto anageuka bluu, oksijeni inamrudisha wekundu, basi mpe nyingi, kwa muda mrefu, hata asiyeihitaji. Mwaka 1942 Theodore Terry wa Boston akaeleza upofu mpya ambao hakuna aliyewahi kuuona. Ukaenea. Kufikia mwaka 1953 watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka, wengi wao wakiwa wa hospitali zilizo bora kabisa, zile zenye mitungi mingi. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti Michigan mwaka 1950, ni mmoja wa walioachwa hivyo. Kate Campbell wa Melbourne aliitilia shaka oksijeni mwaka 1951, na jaribio la hospitali 18 za Marekani likamthibitishia: kadiri mtoto alivyokaa ndani ya oksijeni ndivyo hatari ya macho ilivyopanda.

Kwa nini ilichukua zaidi ya miaka kumi? Kwa sababu faida ilionekana wodini na hasara ilionekana nyumbani. Daktari aliona wekundu ukirudi mbele ya macho yake. Upofu ulikuja kugunduliwa miezi baadaye, na mtu mwingine, mama anayepitisha kijiko mbele ya uso wa mtoto na mtoto asikifuate. Hakuna daftari moja lililokuwa na kurasa zote mbili.

Halafu, walipogundua, wakakimbilia upande wa pili. Oksijeni ikabanwa kwa kila mtoto njiti, awe na shida ya kupumua au asiwe nayo. Macho yakapona. Mwaka 1973 daktari Mwingereza, Kenneth Cross, alikaa na takwimu za vifo vya nchi yake akakadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyeokolewa macho, wapatao 16 walikuwa wamekufa kwa kunyimwa hewa. Ni makadirio, si sensa, lakini yanatosha kumnyima mtu usingizi.

Sasa dawa. New Zealand kuna kondoo kuliko watu, na huko Auckland Graham Liggins alikuwa akiwatumia kutafuta kitu kingine kabisa: ni nini kinachoanzisha uchungu wa kuzaa. Alividunga vijusi vya kondoo homoni ya kotisoli, na vikazaliwa kabla ya siku. Mwanakondoo mmoja alizaliwa mapema kiasi kwamba alipaswa kuwa amekufa, mapafu yake yakiwa hayana hewa. Liggins alimkuta asubuhi bado anapumua. Hakuwa na nguvu na hakudumu, lakini mapafu yake yalipopasuliwa yalikuwa yamefunguka kwa sehemu. Ile homoni ilikuwa imeziharakisha seli za ute. Wapo watafiti ambao wangeliandika tukio hilo pembeni ya ukurasa na kuendelea na suala la uchungu. Yeye akalifuata.

Pamoja na Ross Howie, daktari wa watoto, Liggins akawachukua akina mama 282 waliokuwa hatarini kujifungua mapema, nusu wakapewa betamethasone, dawa jamii ya homoni ile, na nusu sindano ya kulinganisha, kwa kubahatisha, bila wao kujua nani kapata ipi. Wakachapisha mwaka 1972. Kati ya watoto ambao mama zao hawakupata dawa, asilimia 15.0 walikufa katika siku za mwanzo. Kati ya waliopata, asilimia 3.2. Shida ya kupumua ilishuka kutoka asilimia 25.8 hadi 9.0. Dawa yenyewe ilikuwa ya zamani na rahisi. Isingehitaji mashine, umeme wala bingwa: sindano ya msuli, kwa mama, kabla ya kujifungua.

Ungetarajia kufikia mwaka 1975 dunia nzima inaidunga. Marekani, nchi ya Patrick, mwanzoni mwa miaka ya 1990 akina mama waliokuwa wakijifungua watoto wadogo kabisa na kupata sindano hiyo walikuwa bado chini ya mmoja kati ya watano. Ni mwaka 1994 ndipo Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo zilipoitisha kikao na kutamka rasmi kwamba ipewe. Miaka 22.

Sidhani waliochelewa walikuwa watu wabaya, na ndiyo maana kisa hiki kinanitisha. Walikuwa na sababu, na kila sababu ukiisikiliza peke yake ni ya heshima. Msiba wa thalidomide, ile dawa ya wajawazito iliyozaa watoto wasio na mikono, ulikuwa wa juzi tu. Msiba wa oksijeni nao ulikuwa kumbukumbu hai. Waliogopa maambukizi, wakahofia madhara kwa ubongo wa mtoto. Hakuna kampuni iliyokuwa na faida ya kuitangaza dawa isiyo ghali. Na kila daktari aliwaona njiti wachache kwa mwaka. Akimpa mmoja sindano na akafa, asipompa mwingine akapona, macho yake mwenyewe yanamdanganya. Majaribio mengine yalifuata lile la Auckland, mengi madogo, na mengi yao yakisomwa moja moja yalionekana hayajasema kitu.

Yalisema yalipowekwa pamoja. Patricia Crowley, daktari wa uzazi wa Ireland, aliyajumlisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Picha ya hesabu hiyo leo ni nembo ya Cochrane, mtandao wa watafiti ulioanzishwa Uingereza mwaka 1993. Mstari wa wima umesimama katikati, na maana yake ni kwamba dawa haijaleta tofauti. Mistari mifupi ya mlalo ni majaribio, jaribio moja kila mstari, na mingi imeukatiza ule wa wima, yaani haina uhakika. Chini yake kuna almasi ndogo, jumla ya yote, na yenyewe imekaa kushoto kabisa bila kugusa mstari. Wenyewe hukadiria kwamba makumi ya maelfu ya watoto walikufa au kuumia kwa kuwa hakuna aliyeichora almasi ile mapema.

Waswahili tuna methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Madaktari wa oksijeni waliivunja ya kwanza, wa sindano wakaivunja ya pili, na kila kundi lingeweza kukutajia methali ya kujitetea. Hasara ya makundi yote mawili ilitoka chungu kimoja: walitegemea walichokiona kitandani wakaacha kuhesabu.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Katika muongo uliopita watafiti walilipeleka jambo hili vijijini na kwenye vituo vidogo vya nchi sita, zikiwemo Kenya na Zambia, kwenye uzazi upatao 100,000. Wahudumu walifundishwa kuwatambua akina mama walio hatarini na kuwadunga deksamethasone. Nia njema, dawa iliyothibitishwa, miaka 40 ya ushahidi nyuma yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watoto wadogo kabisa hawakufaidika, na kwa jumla vifo vya siku 28 za mwanzo vilipanda: 27.4 kwa kila 1,000 mahali palipopelekwa sindano, 23.9 mahali ambapo haikupelekwa. Maambukizi kwa akina mama nayo yaliongezeka. Wengi waliodungwa hawakuwa wakijifungua kabla ya siku, maana hakuna aliyezijua wiki za mimba kwa uhakika, na wengi wa waliojifungua mapema walifanya hivyo mahali pasipo na joto, oksijeni wala mtu wa kumlisha mtoto asiyeweza kunyonya. Pafu lilikomazwa, kilichobaki chote hakikuwepo.

Nalisifu jaribio hili kuliko watu wanavyolisifu. Kama lisingefanyika, sindano ingeenea hivyohivyo kila zahanati, na vifo vile vya ziada vingezikwa bila kujulikana vimetokana na nini.

Kisha Shirika la Afya Duniani likarudia kwa namna nyingine, katika hospitali 29 za Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Safari hii wiki zilipimwa kwa altrasaundi, mama asidungwe kama hana dalili za kujifungua karibuni au ana maambukizi, na hospitali iwe na uwezo wa kumhudumia mtoto njiti. Dawa ni ileile, dozi ni ileile. Mwaka 2020 wakatoa majibu: kati ya kila watoto 100, waliokufa walikuwa 19.6 kwa waliopata na 23.5 kwa wasiopata. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kumnyima mama yeyote.

Tofauti kati ya sindano iliyodhuru na sindano iliyookoa, basi, ilianza kwenye kadi ya kliniki. "Mama, mara ya mwisho uliziona siku zako lini?" nesi anauliza, naye anajibu, "Nadhani kabla ya Ramadhani, dada." Kabla kidogo au kabla sana? Mwezi mmoja wa kubahatisha ndiyo tofauti ya wiki ya 32 na wiki ya 36, yaani kati ya mtoto anayeihitaji dawa na asiyeihitaji. Altrasaundi ikifanywa mapema, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, hukosea kwa siku chache tu. Ikifanywa miezi ya mwisho huweza kukosea kwa wiki nzima na zaidi. Anayeanza kliniki mapema anaandikiwa tarehe ambayo hata daktari wa zamu ya usiku, asiyemjua, ataisoma na kuamua.

Saa nazo zinahesabika. Sindano za kukomaza mapafu, kama zinavyojulikana wodini, ni dozi nne za deksamethasone, moja kila baada ya saa 12, na kazi yake huonekana zaidi mtoto akizaliwa kuanzia saa 24 baada ya dozi ya kwanza. Mama wa wiki ya 30 anayeona maji yanavuja alfajiri na kusubiri shemeji atoke kazini jioni ndipo wakodi gari, amezitumia saa 12 kati ya hizo akiwa amekaa barazani.